Kengele ya Bibi na Leseni ya Mjomba

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mkeo mzima, na lile goti lako limeacha kutabiri mvua. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, ila kasema salamu zake usizipokee mpaka umrudishie sufuria yake. Karakana yetu imepata chumba cha pili: mashine za kutotolesha vifaranga tunaziunga chumba kimoja, tunazijaribu kingine, na meza yangu imewekwa mlangoni katikati. Nachora saketi huku mayai yananitazama.

Naandika kwa amri ya Bibi. Kasema tangu tulipobishana kwenye harusi ya binamu, mpaka mshereheshaji akazima kipaza sauti atusikilize sisi, hataki tupigiane tena simu kuhusu programu za kompyuta za kuchorea bodi za saketi. "Andikianeni," kaniambia. "Angalau mkono utachoka."

Sasa jambo lenyewe. Najua habari za Mama Mkubwa umezisikia kwa Mama Mkubwa mwenyewe, ambaye kwenye masimulizi yake hakukwama. Mimi nimezisikia kwa Bibi. Mama Mkubwa alikwenda kumtembelea, akabisha hodi mpaka vidole vikawa vyekundu. Bibi yumo ndani anaosha vyombo, bomba linamwaga maji, hasikii kitu. Mama Mkubwa akazunguka dirishani, akaingiza kichwa na bega moja, basi, hapo hapo. Aliyemtoa ni yule fundi cherehani wa nyumba ya pili, kwa kumvuta miguu.

Tangu hapo Mama Mkubwa katoa tamko. Mwisho wa Juni anarudi. Akibisha asisikike, Bibi anafunga virago na kuhamia kwake, ghorofa ya nne, ambako hata kufungua dirisha lazima uombe ruhusa. Bibi kaniambia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mjukuu wangu, nyumba yangu siiachi. Nikiiacha hii, nitakaa tu kwenye kiti cha watu nikisubiri kuitwa kula." Mjomba, nililia bafuni.

Kwa hiyo tumtengenezee kengele yenye mlio mkali na taa kubwa. Na kwa kuwa mimi na wewe hatuwezi kukubaliana hata rangi ya waya, tushindane. Wewe chora bodi yako kwa programu yako ya kulipia, mimi yangu kwa ya bure. Itakayomfaa Bibi ndiyo itakaa mlangoni. Atakayeshindwa asitamke neno "programu" kwenye shughuli yoyote ya ukoo mwaka mzima.

Mpwa wako,
Bisibisi

20 Februari

Mpwa wangu Bisibisi,

Marahaba. Goti halijambo, linatabiri vizuri kuliko redio. Mwambie mama yako ile sufuria sikuazima, nilipewa, na mashahidi ninao. Kiwandani tunaunda mizani mpya ya kupimia magunia. Mkurugenzi kaingia juzi, kapanda juu yake mwenyewe, kashuka bila kusema neno. Tangu hapo hali chakula cha mchana.

Dada yangu nimemsihi, hasikii. Yeye ndiye angehitaji kengele. Lakini bibi yako ni mama yangu mimi kwanza, na haondoki pale maadamu mimi ni mhandisi. Nakubali shindano. Nakuonea huruma tu.

Binti, hebu tuelewane. Programu yetu ina maktaba ya vipuri vilivyochorwa tayari. Naandika jina la kipuri, kinanijia na miguu yake yote ya kuchomelea imeshapimwa na watu wenye akili timamu. Nyie wa bure mnachora vipuri wenyewe kwa rula na dua. Sisi wahandisi watatu tunafungua bodi moja kwa wakati mmoja, kila mtu na kona yake, bila kukanyagana. Mistari ya shaba inayotakiwa ilingane urefu inajilinganisha yenyewe. Na nikikwama napiga simu, anapokea mtu aliyevaa tai. Simwoni, lakini sauti yake ni ya tai.

Leseni ni ghali, sikatai. Hata mkate ni ghali na unakula.

Nasubiri kwa hamu mwaka wako wa ukimya.

Mjomba wako,
Mzee wa Leseni

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Hapa kuna habari njema na mbaya. Njema: vifaranga wametoka siku ya maonyesho, mbele ya wateja. Mbaya: wametokea kwenye mashine tuliyoileta kama pambo, iliyokuwa haijaunganishwa hata na umeme. Bosi hajui aiuze kwa bei gani. Mama kasema mashahidi wako wa sufuria wote ni wewe.

Nimesoma mahubiri yako nikacheka. Kengele ya mlango haina mistari ya kulinganisha urefu, Mjomba. Mtu anabonyeza, inalia. Unataka kwenda sokoni kwa treni.

Faili zangu ni zangu. Nikihama karakana, nikifukuzwa, nikiokota kompyuta jalalani, nitazifungua tu. Wewe siku kiwanda kikigoma kulipa, utabaki unaitazama michoro yako ya miaka yote kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Na mimi nikikwama sihitaji mtu wa tai. Nauliza kwenye baraza la watumiaji mtandaoni, na chai haijapoa watu wanne wameshanijibu, watatu wao wanatukanana. Yule wa nne ndiye huwa sahihi.

Tena utacheka: bosi kanipa kazi ya kumwandikia ripoti, karakana inunue leseni au iendelee na ya bure. Ripoti ninayo kichwani tayari. Ina neno moja.

Bodi yangu imeshaanza. Yako je?

Bisibisi

11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mvua. Kisha bahasha ziliisha. Kisha mvua ikarudi. Mke wangu anakusalimu. Kasema ninaongea na kompyuta ya nyumbani, jambo ambalo si kweli, ninaikemea.

Jumapili nilikuwa kwa bibi yako. Nilimkuta anafunga vikombe vyake kwa magazeti. Nikamwuliza, Mama, unahama? Akasema hapana, nafanya mazoezi tu. Akavifungua vyote, akaviosha, akavirudisha kabatini. Nilishindwa kunywa chai yangu.

Bodi yangu inaendelea vizuri sana na wala haina haja ya kuulizwa.

Sasa, kuna mwenzangu mmoja kiwandani, humjui, mtu wa makamo hivi, ana goti linamsumbua. Kwa sababu zake binafsi kajikuta anajaribu hiyo programu yenu ya bure. Maskini vipuri vingi kavikuta, lakini king'ora kidogo cha kengele yake hakimo, inabidi akichore mwenyewe. Anauliza: unapochora miguu ya kipuri, unaichora kama unakitazama kutoka juu au kutoka chini? Hana haraka hata kidogo. Ila ukijibu leo atashukuru.

Anauliza pia kwa nini kila kitu kimeandikwa kwa herufi ndogo, na je, ni kawaida mtu kuanza kuipenda.

Mjomba wako

19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Pole na mvua. Huku hakujanyesha tangu Januari, na tunatazama taarifa ya hali ya hewa ya nchi hiyo hiyo moja, lakini Mwenyezi Mungu hugawa apendavyo.

Mwambie mwenzako mwenye goti: kutoka juu. Siku zote kutoka juu! Akichora kutoka chini, kipuri kitakuwa kimegeuka kama sura kwenye kioo, na bodi ikishachapwa hakuna wa kuipindua shaba. Mwambie pia kupenda ni kawaida. Asione haya. Haya ni mbaya kwa magoti.

Habari ya vikombe imenitoa machozi, sitaki kuiandika zaidi.

Na mimi nina swali, si langu, la bosi wangu. Kwa ajili ya ile ripoti kachukua ile programu ya kulipia kwa majaribio, hii wanayokupa uonje bure kwa muda. Anatazama tu. Anasema maktaba ya vipuri ni tamu kweli, kaandika jina la taa na taa ikaja na kila kitu, akapiga kelele ofisini mpaka mayai yakatikisika. Amesema yeye, mimi sikusema. Sasa kila asubuhi kinatokea kidirisha chekundu kinachomhesabia siku zilizobaki. Je, kuna namna ya kukizima? Kinamtia jasho, kwa sababu kazi yake anayoitazama tu haijaisha.

Mpwa wako,
Bisibisi

8 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika, nzuri, yenye majibu kamili, baada ya bodi ya mwenzangu kwenda kuchapwa. Alichora kutoka chini.

Usimcheke. Miaka ishirini mtu analetewa kipuri mezani kimeshavuliwa ganda, leo anaambiwa apike. Kila kitu kimekaa sawa isipokuwa king'ora. Hicho itabidi akichomelee upande wa nyuma wa bodi. Anasema haidhuru, sauti ni sauti, itatoka popote.

Kidirisha chekundu hakizimiki. Mwambie bosi wako asithubutu kuirudisha nyuma saa ya kompyuta. Programu inajua, tena ina kinyongo.

Sufuria nimeirudisha. Mama yako kaitazama, kasema siyo hii.

Mjomba

1 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama kaikubali sufuria kwa masharti. Mimi nina mafua ya manyoya ya vifaranga. Likizo nimenyimwa, kwa hiyo nakutumia bodi yangu kwa kifurushi, ukamfungie Bibi kabla Mama Mkubwa hajafika. Nyaya zimo, skrubu zimo, upendo umo.

Kuna kasoro moja, nakuomba usinizomee. Taa inawaka wakati wote. Mtu akibonyeza kitufe, inazima. Niliunganisha kitufe upande usiofaa, na niligundua siku bodi ilipofika. Kurekebisha ni kazi ya dakika chache, ni kufungua faili tu na kuhamisha mstari. Faili haifunguki. Sababu si za kiufundi na sipendi kuzizungumzia. Mlio haumo kabisa. Sikuwahi kuuchora.

Mjomba, shindano na litupwe huko. Naogopa. Kama yako inafanya kazi, funga yako, hata nikae kimya mwaka mzima, hata miwili. Nisamehe, na umwambie Bibi anisamehe.

Bisibisi

2 Julai

Mpwa wangu Bisibisi,

Marahaba, na kaa chini usome taratibu. Sisi sote wazima. Dada yangu mzima pia, nitaeleza.

Nilifika kwa bibi yako asubuhi ile ile ya ugeni, nimebeba bodi mbili na bisibisi halisi. Yangu ina mlio wa kuamsha mtaa, lakini taa yake ni kidoa tu cha kijani, ukitaka kuiona lazima uvae miwani na uambiwe iko wapi. Yako ina taa kama ya uwanja wa mpira na haina sauti. Nikasema basi, nafunga zote mbili kwenye kitufe kimoja. Nikazibandika ukutani karibu na jiko, nikakaza skrubu, nikatoka nje, nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya. Nikaingia ndani jasho linanitoka. Bibi yako kakaa kitini, mkoba mapajani, viatu vya safari miguuni. Nikawa naapa kwa sauti ndogo, mara mlango ukafunguka kwa kishindo, akaingia fundi cherehani, pini mdomoni, utepe shingoni: "Bibi! Una mgeni! Mbona ukuta wangu unapiga mayowe?"

Mpwa wangu, king'ora kiko nyuma ya bodi. Bodi imelala ukutani. Ukuta ni mmoja, huku bibi yako, kule yeye. Nimemfungia jirani kengele.

Nikashika bisibisi nianze kuing'oa, na hapo hapo nikasikia teksi. Dada yangu. Sikuwa na la kufanya. Nikajificha nyuma ya pazia la jikoni, mwanaume mzima, mhandisi.

Akabonyeza. Taa yako ikazima, pwa! Jiko zima likaingia giza, bibi yako akainua kichwa: "Ah, kuna mtu." Akasimama. Wakati huo huo fundi cherehani akatoka mbio mlangoni kwake, mkasi mkononi, akipaza sauti: "Bibi, umepata mgeni mwingine!" Akamkuta dada yangu amesimama pale, akakumbuka miguu yake, akamwamkia kwa heshima. Bibi yako akafungua mlango kabla dada hajashusha kidole.

Dada akatazama taa, akamtazama fundi na mkasi wake, akamtazama mama yake aliyesimama wima mlangoni. Akasema, "Kwangu kule mtu akibisha, anajibiwa na mlinzi anayesinzia. Hapa wanajibu nyumba mbili." Kisha akasema atakunywa chai na kurudi na gari la jioni. Bibi yako akavua viatu vya safari pale pale, akavirusha chini ya kitanda. Nami nikatoka kwenye pazia, dada akapiga yowe lililowazidi king'ora na fundi wote wawili.

Sasa nikutapikie ukweli. Mwenzangu mwenye goti ni mimi. Kiwanda kiligoma kulipa leseni tangu Machi. Programu yangu inanifungulia michoro nitazame tu, hainiruhusu kugusa hata nukta. Ulipoandika habari ya mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake, niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro kwa hasira. Bodi nimeichora kwa programu ya bure, kwenye kompyuta ya nyumbani. Michoro yangu ya zamani karibu yote imeingia humo, mingine inachechemea kama mimi. Kwa bodi za mizani yenye kasi kubwa bado ningeililia ile ya kwanza. Lakini hii hakuna wa kuninyang'anya.

Kwa hiyo umeshinda. Nitakaa kimya.

Mjomba wako,
Mzee Asiye na Leseni

12 Julai

Mjomba wangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimesoma barua yako kwa sauti karakana nzima, tumecheka mpaka bosi akatoka ofisini. Nilipofika pale pa viatu chini ya kitanda nikalia tena, hapo hapo mbele za watu, bila aibu.

Usikae kimya bado. Bosi wangu hajawahi kufungua programu ile hata siku moja. Ni mimi! Nilitaka kukushinda kwa silaha yako mwenyewe. Maktaba ilinilevya, nikavuta vipuri bila kufikiri, kitufe nikakiunga hovyo, na siku za majaribio zikaisha kabla sijagusa mlio. Faili imefungwa mpaka leo. Kila nikiibofya inaniuliza kama nataka kununua.

Basi wewe umechora kwa ya bure, mimi kwa ya kulipia, na wote tumeharibu. Ripoti ya bosi imekuwa na zaidi ya neno moja. Nimeandika kwamba kwa mashine zetu za vifaranga ya bure inatosha na kubaki, ila anayechora lazima ajitengenezee maktaba yake na aikague kwa macho mawili. Siku tukipata kazi ya bodi zenye tabaka nyingi na mistari ya kasi, na watu wengi juu ya mchoro mmoja, tukodi leseni kwa kazi hiyo, na faili tuzitoe humo kabla mlango haujafungwa. Nimemwongezea kwamba programu zote mbili zinamruhusu mjinga kuwa mjinga.

Nimeshaichora bodi mpya ya Bibi, kwa ya bure: taa inawaka mtu akibonyeza, na king'ora kinatazama ndani. Nami nimekichora kutoka juu. Nakuja nayo mwezi ujao niifunge mwenyewe.

Bisibisi

25 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mke wangu hajambo, goti hivyo hivyo, sufuria ya pili nimeipata uvunguni na sasa sijui ile niliyompa mama yako ni ya nani.

Usije na bodi. Njoo wewe, bodi iache huko.

Nilimpelekea bibi yako habari za kengele mpya nikidhani atafurahi. Akaweka mkono mbele ya ile ya zamani kana kwamba nataka kumpokonya. "Hii msiiguse," akasema. Nikamweleza, Mama, hii imekosewa, inalia kwa jirani. Akasema anajua inakolia. Tangu babu yako afariki, fundi cherehani alikuwa akipita na kusalimia kwa mbali, basi. Siku hizi kengele ikilia anakuja mbio, na akishafika anakaa, wanakunywa chai, anaacha pini kwenye sosa.

Nikamwuliza, kwani wageni wanakuja wengi hivyo?

Akaniongezea chai. Lakini jana nilifika kwake bila taarifa, nikasimama upande wa pili wa njia nikifunga kamba ya kiatu. Mlango ukafunguka. Bibi yako akatoka polepole na kanga yake safi, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akabonyeza kengele yake mwenyewe, akarudi ndani kuteleka chai.

Mjomba wako